Nataka kuwa mtafiti wa mauaji na ukatili: nianzie wapi?

KijanaWaWete: Assalamu alaykum. Nimemaliza shahada ya sosholojia, sasa nipo Wete nasomesha tuisheni. Nataka niendelee hadi uzamivu, nitafiti mauaji na mashambulio. Baba hapingi, ila ananiuliza: "Kesi ni za polisi, wewe utafanya nini?" Suali hilo limenishinda. Yupo anayeijua kazi hii?

BiMkubwa_Tunguu: Waalaykumu salaam mwanangu. Nimo katika kazi hii mwaka wa 19, nusu Unguja nusu Pemba.

Polisi anamtafuta aliyefanya. Sisi tunazisoma kesi kwa mamia. Marvin Wolfgang wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alikaa na mafaili ya polisi wa Philadelphia, mauaji 588 ya 1948 hadi 1952: nani, wapi, saa ngapi, walijuana vipi. Kitabu chake cha 1958 kilionesha kuwa katika robo hivi ya mauaji hayo, marehemu ndiye aliyetangulia kunyanyua mkono. Kesi moja haikwambii hilo. Na subira yake! Baadaye yeye na wenzake wakafuatilia rekodi za wavulana 9,945 waliozaliwa 1945, wakakuta 627 tu ndio waliofanya zaidi ya nusu ya makosa yote. Kitabu hicho kikatoka 1972.

Mie nilianza kama karani wa utafiti, nanakili mafaili kwa mkono. Moja silisahau. Ndani karatasi tatu: maelezo ya mtoto, fomu ya daktari, na ya tatu mistari miwili: "Wazee wamekaa, wamesikilizana. Mlalamikaji hataki tena kesi." Chini alama ya kidole gumba, wino umevuja. Siku ile sikula. Kwenye takwimu kesi imeandikwa "imefungwa". Muhali, ile haya ya kumuudhi jamaa au jirani, hauna safu kwenye jedwali. Uzamili wangu wote ukawa juu ya karatasi ile ya tatu.

Msome na Robert Sampson, mwanasosholojia wa Marekani. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano ya wakaazi 8,782 katika mitaa 343 ya Chicago: palipo na majirani wanaoaminiana na walio tayari kuingilia kati, ukatili ulikuwa mdogo. Utasema hiyo ndiyo Pemba yetu, mtoto wa jirani anakanywa na yeyote. Kweli. Lakini ujirani ule ule ndio unaoifunga kesi. Hapo pana kazi kubwa, na ni yetu.

Jifunze takwimu khasa. Kibali kiombe mapema, mie niliwahi kungoja miezi saba bila ya jibu. Ukifika shehiani anzia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa ule, ila usimhoji mtu mbele yake.

Karafuu_Chake: Naongezea: usimhoji muathirika kama hujui pa kumpeleka akianza kulia. Ijue njia ya kituo cha mkono kwa mkono kilicho karibu, pale muathirika wa ukatili anapopata daktari, polisi na ushauri nasaha pahala pamoja. Na wewe utafute wa kuzungumza naye. Mie nilisoma ripoti za maiti miezi minne, usiku silali mpaka taa iwake.

KijanaWaWete: Ahsanteni sana. Nimemsomea baba habari ya faili lile. Kanyamaza, halafu kasema naye aliwahi kukaa kikao kama kile. Kesho baada ya laasiri atanihadithia. Niandike?

BiMkubwa_Tunguu: Kesho msikilize tu. Ukija kuitaka kwa utafiti, utamuomba ridhaa yake kama mtu mwengine yeyote, na majina uyafute.