Mkonge uliibeba Tanga, au Tanga iliubeba mkonge?

Barabara ya 15: Ndugu zangu, kila nikikaa barazani nasikia jambo moja likisemwa kana kwamba limekwisha kuamuliwa: kwamba mwenye kuajiri watu wengi ndiye mwenye uchumi wa mkoa. Zamani walisema ni mashamba ya mkonge, leo wanasema ni saruji ya Pongwe, bandari na bomba la mafuta litakaloishia Chongoleani. Mimi nina shaka. Miaka ya sabini baba yangu alikuwa na duka karibu na shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, na daftari lake la mikopo ninalo mpaka leo, limeshonwa upya kwa singa, yaani nyuzi za mkonge, baada ya uzi wake kuoza. Mshahara ulipotoka, mistari ilikatwa kwa wino mwekundu jioni ile ile. Ulipochelewa, tuliuza sukari kwa kijiko. Sote tuliamini kwamba shamba ndilo linalotulisha, lakini fedha ile ililala kwetu usiku mmoja tu, na kesho yake baba aliipeleka mjini kulipia mzigo mwingine. Je, mwajiri mkubwa ndiye anayeuendesha uchumi, au ni kwamba malipo yake yanaonekana na ya wengine hayaonekani?

Mwana-Pongwe: Ndugu yangu, umeuliza na kujijibu. Ikiwa mshahara wa shamba ulipochelewa duka la mzee lilitikisika, unataka ushahidi gani tena? Mwaka 1964 nchi hii ilitoa tani zipatazo 230,000 za singa na kuongoza duniani, na mkoa huu ndio uliokuwa kitovu cha zao hilo. Yule Mjerumani, Hindorf, alileta miche mia na kitu, nayo ikatuzalia mji. Kasoro yetu haiko kwa mwajiri mkubwa, iko kwa wenyeji wasiopenda kuajiriwa. Ndiyo maana manamba, vibarua wa mkataba, walifuatwa hadi Urundi (Burundi ya leo) na Songea, huku wenye mji wakibaki barazani na kahawa yao.

Mama Muheza: Mwanangu wa Pongwe, ya tani na ya Mjerumani nimeyasoma, ila penye kahawa nimekwama. Babu zetu hawakuikataa kazi, walikikataa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hukuimaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa, kwa hiyo mtu aliweza kukaa wiki sita au zaidi ndipo apate mshahara wa mwezi mmoja. Mwenye mihogo yake, minazi yake na mto wake angekwenda huko kutafuta nini? Wenye mashamba walilijua hilo, na mwaka 1944 wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ile iliyoitwa SILABU, ili wawapate watu wa mbali, kwa kuwa aliye mbali na kwao hana pa kukimbilia. Njoo Muheza msimu wa machungwa, kabla jua halijapanda, uwaone vijana wako juu ya miti, akina mama chini wanahesabu matano matano, na lori lenye namba za Kenya linangoja kando ya njia. Hakuna hata mmoja wao atakayeonekana katika orodha ya mishahara ya mtu yeyote, nawe utawaita wavivu!

Mwana-Pongwe: Mama yangu, sikulitamka neno uvivu.

Mama Muheza: Hukulitamka, ulilimimina kwenye kikombe.

Mjukuu wa Manamba: Shikamoo, Mama Muheza. Nakuunga mkono kuhusu kipande, lakini hilo la "hana pa kukimbilia" limenichoma, maana babu yangu ndiye aliyetoka Urundi. Alikata mkonge kwa miaka zaidi ya ishirini, akifunga mafungu ya majani 30, na miba ya ncha ilimwacha na jicho moja. Nanyi nyote, mmoja akisifu mkonge na mwingine akisifu machungwa, mnamzungumzia kama mzigo uliosahaulika stesheni. Tena miche ya Hindorf haikuwa mia na kitu: iliyofika hai mwaka 1893 ilikuwa 62, kati ya 1,000. Kuhusu hoja yenyewe, mimi ningetazama mwajiri alipoanguka. Shamba letu lilipofungwa na korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa singa, ikanyamaza, babu hakurudi kwao. Alilima mahindi katikati ya mikonge iliyoachwa, bibi akafuga ng'ombe wawili, na maziwa ndiyo yaliyonisomesha. Kwa hiyo sisi tuliendeshwa na nani?

Jirani wa Bandari: Korona ilinyamazishwa na siasa. Mkonge uliuawa mwaka 1967 yalipotaifishwa mashamba, na asiyetaka kulisema hilo tusipotezeane muda.

Mwana-Pongwe: Hapo siwezi kukufuata, ingawa ungependa niwe upande wako. Bei ilikwisha anza kuporomoka kabla ya Azimio la Arusha, kwa sababu ya kamba za nailoni na plastiki. Serikali ilimchukua mgonjwa. Kama ilimwuguza vibaya, huo ni mjadala mwingine.

Jirani wa Bandari: Basi tuyaache ya marehemu, tuitazame bandari. Nilikuwa kibarua zama zile meli zilipotia nanga mbali na matishari yakafuata mzigo huko huko, ukapakiwa na kupakuliwa mara mbili, na vijana wengi tukala kwa kazi hiyo. Sasa gati limechimbwa hadi mita 13, meli inafunga penyewe na winchi inafanya kazi ya makumi ya watu. Mzigo unapita mwingi kuliko zamani, lakini waliokuwa nami kwenye tishari wengi wao sasa wanaendesha bodaboda. Wingi wa wanaoajiriwa na wingi wa fedha inayopita havifuatani, na bomba likikamilika mtaliona hilo tena: wajenzi ni maelfu, waangalizi ni wachache.

Barabara ya 15: Nashukuru, kwa sababu hilo ndilo nililokusudia kuuliza kabla hatujaingia kwenye kahawa. Halmashauri inapopanga barabara na maji, humsikiliza kwanza mwenye vibarua wengi, na mama wa ng'ombe wawili haitwi kikaoni.

Mwana-Pongwe: Huyo wa ng'ombe wawili alimwuzia nani maziwa kabla shamba halijafungwa? Aliwauzia wenye mishahara. Nauliza tu.

Mama Muheza: Na wenye mishahara walikula mihogo ya nani? Nauliza tu, mwanangu.

Mjukuu wa Manamba: Ndugu wa Barabara ya 15, hilo shamba lililokuwa karibu na duka la mzee, ni lile la kabla ya kuvuka daraja? Kama ndilo, babu yangu alikopa hapo. Naomba unitazamie jina lake, na kama mstari wake haukukatwa unitajie kiasi.

Barabara ya 15: Ndilo hilo. Lakini majina ni machache sana, mzee aliandika zaidi namba za kazini. Nitajie namba yake, nitazame leo usiku.