Mashine pepe inaganda baada ya snapshoti: nichague aina ipi?

SevaUsiku: Wakuu, kila nikichukua snapshoti (nakala ya hali ya sasa, ya kurudia baadaye) ya mashine pepe moja ya Linux kwenye Proxmox (jukwaa la kuendesha mashine pepe), inaganda. Ping inajibu, SSH inapokea nywila kisha kimya. Ina hifadhidata ya MySQL. Nihamie snapshoti yenye memori, nibaki na ya kugandisha mfumo wa faili kupitia ajenti (programu ndogo inayokaa ndani ya mashine pepe), au ya diski peke yake, bila memori wala ajenti?

bitikumi: Ping ikijibu, karneli (kiini cha mfumo) iko hai, kilichofungwa ni kuandika kwenye diski. Namshuku ajenti: aligandisha mfumo wa faili, kuuachia kukashindikana. Usizime kwa nguvu kwanza. Jaribu `qm guest cmd 101 fsfreeze-status` (weka namba ya mashine yako). Ikirudisha "frozen" (umegandishwa), fuatisha `fsfreeze-thaw` ili uachiwe.

MamaKlasta: Angalia pia kama ndani kuna faili la loop (faili linalotumika kama diski) lililopachikwa, mara nyingi /tmp. Loop inataka kuandika kwenye mfumo ambao tayari umegandishwa, basi kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Kuhusu uchaguzi, memori siipendi kwa hifadhidata. RAM inayotumika lazima iandikwe diskini, na ukirudi nyuma unafufua miunganisho ya TCP iliyokwisha kufa. Ya diski peke yake ni sawa na umeme kukatika ghafla. InnoDB (injini ya MySQL) na hifadhidata ya PostgreSQL zimeundwa kustahimili hilo, zinajirekebisha kwa logi zao zikiwaka. Mimi kura yangu iko hapo.

dirisha_wazi: Mkuu, hiyo ni Linux. Kwenye Windows yenye hifadhidata ya SQL Server sikubali ya diski peke yake, nataka VSS (huduma ya Windows ya kutuliza programu kabla ya snapshoti) ifanye kazi yake. Ikikwama, `vssadmin list writers` inakuonyesha nani kafeli. Na kwa VMware (jukwaa jingine la mashine pepe) usihangaike kutaka vyote: memori na kutuliza faili haviendi pamoja kwenye snapshoti moja.

bitikumi: Kwa Windows nakubali.

kebo_ndefu: Mbona hakuna aliyetaja nafasi? LVM-thin (hifadhi ya diski inayogawa nafasi kadiri inavyotumika) ikijaa, mashine inasimama na io-error (hitilafu ya diski) na hakuna aina ya snapshoti itakayokuokoa. Piga `lvs`, soma Data% (nafasi ya data iliyojaa) na Meta% (ya metadata, kumbukumbu za mahali data ilipo) zote mbili. Hiyo ya pili watu huisahau. VMware nako kuganda huja wakati wa kufuta, delta (faili la mabadiliko tangu snapshoti) ikiunganishwa na diski mama. Wenyewe wanashauri snapshoti isizidi saa 72, na ingawa mnyororo wa snapshoti unaruhusiwa kufika 32, wanapendekeza 2 au 3.

SevaUsiku: Ilikuwa "frozen" kweli, thaw imeiachia bila kuwasha upya. /tmp ni loop, kama alivyosema MamaKlasta. Naihamishia tmpfs (mfumo wa faili unaokaa kwenye RAM), ajenti namwacha. Meta% iko 91.

kebo_ndefu: 91? Ongeza metadata kwa `lvextend --poolmetadatasize` kabla hujachukua snapshoti nyingine yoyote.