Naomba ushauri: maiki ya hedseti ya rubani kwenye kompyuta inakwaruza

Wakuu, habari za leo. Naunganisha hedseti ya rubani na laptop kwa mazoezi ya kurusha ndege. Upande wa kusikiliza hauna shida. Adapta ya milimita 6.35 kwenda 3.5 inatosha.

Kazi iko kwenye maiki. Plagi yake ni ya milimita 5.23, adapta za kawaida za Kariakoo zinalegea, hivyo nimefunga soketi yake maalumu. Sauti nimeichukua kwenye pete ya plagi (sehemu ya kati), ardhi kwenye shina. Ncha ni ya swichi ya kuongelea, nimeiacha. Maiki hizi hutaka volti 8 hadi 16, laptop haizifikishi, kwa hiyo nimeweka betri ya volti 9 kupitia rezista ya omu 470, kisha kapasita ya maikrofaradi 10 kuzuia umeme wa betri usiingie kwenye laptop.

Inasikika, ila nikipaza sauti inakwaruza hata nikishusha kiwango kwenye mipangilio. Nadhani mawimbi ni makubwa mno kwa tundu la maiki. Chaja ikichomekwa, inavuma, nikiichomoa, kimya.

Naomba kujua:
Kigawanyo cha kupunguza mawimbi (rezista mbili, kiloomu 10 na kiloomu 1) kikae kabla ya kapasita au baada yake?
Na huo mvumo, transfoma ndogo ya sauti ya 1:1 itaukata, au ninunue tu kadi ya sauti ya USB?