MREJESHO: Neno la Kilatini kwa fundi mzoefu

Wiki iliyopita niliuliza tuchonge neno gani la Kilatini kwenye kibao cha mwalimu wetu wa useremala anayestaafu. Mimi nilitaka "expertus". Asanteni sana, mmeniokoa.

Mlionishauri nitumie "peritus" mlikuwa sahihi. "Expertus" linatoka kwenye kitenzi "experiri", yaani kujaribu, kwa hiyo kimsingi ni mtu aliyejaribu jambo, au aliyejaribiwa. "Peritus" ndiye mjuzi aliyeiva kwa kazi. Nilichokuwa sijui ni kwamba linadai hali milikishi baada yake, yaani umbo la neno lenye maana ya "wa" au "ya": "iuris peritus" ni mjuzi wa sheria. Na bado lina uhai kanisani, maana wataalamu wa teolojia katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki (1962–1965), waliitwa "periti", Joseph Ratzinger, baadaye Papa Benedikto XVI, akiwa mmoja wao.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba "periculum" ni ndugu wa maneno hayo. Kwanza lilimaanisha jaribio, baadaye hatari. Mzee wetu, mwenye kovu la msumeno kidoleni, nilipomweleza alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hapo Warumi walijua, mwanangu."

"Sollers" nililipenda pia, ila linaelekea zaidi kwenye werevu wa mikono na akili kuliko miaka ya kazi. Nikaliacha.

Kibao kimeshachongwa, kwenye mninga: ARTIS SUAE PERITISSIMUS, mjuzi kabisa wa sanaa yake. Tunamkabidhi Jumamosi.