Riwaya ya bibi, mama na binti: siri aitoe nani?

BintiWete
Assalaam alaykum jamani. Naandika riwaya ya nyumba moja ya Wete: bibi, mama, na binti anayekaribia kuolewa. Kila msimu wa karafuu, kanga zilizomo kashani mwa bibi hubadilika majina, yale maneno yaliyoandikwa pindoni, usiku. Asubuhi mama anafungua kasha, harufu ya udi inamjaa puani, na doti iliyokuwa ikimsema jirani sasa inasema: "Niliyemzaa aniita mama mdogo." Anaikunja upesi, pindo ndani, kabla binti hajaingia na pakacha la karafuu za kuchambua.

Kinachonikwaza ni siri yenyewe. Kila nikimkalisha mama kitako amwambie binti, "Mwanangu, mie siye niliyekuzaa," simuoni tena mama wa Kipemba mle. Aseme nani?

Bi Mrehani
Waalaykum salaam mwanangu. Mwite somo! Mama gani wa kwetu anamfungulia mwanawe mambo hayo uso kwa uso? Somo ndiye aliyemfunda binti alipovunja ungo, na ikiwa alimfunda na mama yake, hakuna la nyumba ile asilolijua. Iweke siku ya singo. Bibi harusi kakaa mkekani, somo anamsugua mgongo, anasema polepole. Binti hawezi kugeuka, uso wa somo hauoni. Na usimlize mapema.

Mkaazi wa Ng'ambo
Bi Mrehani namheshimu, ila mama naye husema akipata pa kuandika. Bi Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Zanzibar, aliondoka Unguja 1866, na huko Ujerumani akawaandikia wanawe habari za mama yake na za nyumba ya baba yake, hata kikachapwa kitabu 1886. Wewe karatasi unayo tayari: kisutu, ile kanga ya bibi harusi. Kanga nyingine zina majina, kisutu hakina. Basi siku ya harusi kiandikike chenyewe.

BintiWete
Bi Mrehani, hilo la mgongo limenishika wallahi, nimeshaanza kuliandika. Lakini kisutu nacho sikiachi. Binti ataambiwa na somo. Kisutu kitamsemea yule mama mdogo, aliyejikalia uani na mbuzi ya nazi siku nzima ya harusi, maana miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Kiseme nini, jamani? Maneno machache tu, yaenee kwenye kanga.