Tachi imekufa, fundi anataka kuflash simu: nitaokoaje chati na namba za wateja wangu?

Mama Dagaa Kibirizi

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, kesho asubuhi fundi anasubiri jibu langu.

Nafanya biashara ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nanunua mwaloni, nakausha, natuma magunia Tabora, Kahama na Dar. Wateja wangu wengi nawapa mali kauli, na makubaliano yote yamo kwenye simu: voisi za WhatsApp, picha za kurasa za daftari, meseji za miamala. Kuna madeni ya tangu 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15, ambayo ushahidi wake ni voisi peke yake. Mtu anakiri kwa mdomo wake, "mama, yale magunia matano nayatambua". Voisi ile ikipotea, hela yangu nayo imekwenda.

Sasa simu imeniangukia kwenye zege. Inawaka vizuri, meseji naziona zikiingia, ila tachi haisikii kabisa, hata paterni siwezi kuchora. Fundi mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, anasema ni programu, akiiflash (aifute na kuiwekea programu upya) itapona. Nikamuuliza vitu vyangu je? Akajibu vitarudi vyenyewe nikiingiza jimeli. Jimeli naikumbuka na neno la siri ninalo, lakini sijui kama bekapu (nakala ya akiba mtandaoni) iliwahi kuwashwa. Ni Android, laini ni nzima. Simu mpya nategemea kununua mwisho wa mwezi. Nianzie wapi?

Mwisho wa Reli

Pole sana mama. Jibu la kesho asubuhi ni moja: asiiflash. Simu imeanguka, tachi ikafa hapohapo, hiyo ni hitilafu ya kioo. Kuflash hakuungi waya uliokatika. Utabaki na tachi ileile mbovu na simu tupu juu yake.

Kijana wa Gungu

Mama usiogope, mwache aflash tu. Kuna programu za kompyuta zinarudisha kila kitu hata kama simu imefutwa. Mimi nilirudishiwa picha zangu zote.

Fundi wa Isevya

Kijana wa Gungu, naomba nikupinge, maana ushauri huo unaweza kumpotezea huyu mama mtaji. Picha zako inawezekana kabisa zilirudi, hasa kama zilikuwa kwenye memori kadi au simu ilikuwa ya zamani. Simu zilizotoka na Android 10 kuendelea zote zinafunga data yake kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu yenyewe. Ukiifuta, ufunguo nao unafutika. Hata kama vipande vya mafaili vimebaki kwenye chipu, hakuna programu itakayovisoma. Anayekuuzia hiyo programu anakuuzia matumaini.

Mama, nipo Tabora na kazi yangu ni simu, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu kidogo.

Kwa kuwa kioo bado kinaonyesha, huna haja ya tachi. Nunua kile kichwa kidogo cha OTG kinachoingia kwenye tundu la chaji (angalia kama simu yako ni Type-C au ni ile ya zamani ya micro), kisha azima mausi ya kompyuta, ile ya waya. Chomeka. Utaona kimshale kinatokea kwenye kioo. Paterni unaichora kwa kushikilia kitufe cha kushoto bila kukiachia, unaburuta kutoka nukta hadi nukta, ukimaliza ndipo unaachia. Chaji simu mpaka ijae kabla hujaanza, kwa sababu mausi ikikaa kwenye tundu hutaweza kuchaji. Kuna simu chache ambazo OTG lazima iwashwe kwanza kwenye mipangilio, na ukikuta yako ni hivyo, hapo itabidi kioo kibadilishwe. Kubadilisha kioo hakugusi data hata kidogo. Mwambie fundi maneno hayo hayo: badilisha kioo, usifute kitu.

Ukishaingia, anza na WhatsApp. Fungua Mipangilio, nenda sehemu ya chati, halafu sehemu ya bekapu. Hapo pameandikwa mara ya mwisho bekapu ilifanyika lini na kwa akaunti gani ya Google. Usiamini kwamba ipo kwa sababu tu una jimeli. Soma tarehe. Kama hakuna kitu, chagua akaunti yako na uanzishe mwenyewe, ukiwa kwenye wifi ya mtu unayemwamini, maana bando litaungua. Video ziache nje, voisi na picha zitabebwa.

Ila ujue kuna njia nyingine ambayo haili bando kabisa na kwa mtu wa Kibirizi mimi naiona ni bora zaidi. Tangu 2023 WhatsApp inaweza kuhamisha chati moja kwa moja kutoka simu hadi simu. Zote mbili ziwe Android, ziwe na namba ileile, zikae karibu, wifi iwashwe hata kama haina intaneti. Simu ya zamani unaipeleka sehemu ya chati, unachagua kuhamisha, inaskani msimbo wa QR unaotokea kwenye simu mpya. Kwa kuwa simu mpya bado hujainunua, fanya bekapu ya Google sasa hivi na hii iwe ya pili.

Binti Ujiji

Nyongeza kwenye hilo. Google wanatoa GB 15 bure, lakini humo humo zimo barua pepe, picha za Google Photos na bekapu ya WhatsApp. Zamani WhatsApp haikuhesabiwa, siku hizi inahesabiwa. Ikijaa, bekapu inagoma kimyakimya na wewe unaendelea kuamini ipo.

Na mama, ukiulizwa kama unataka kuifunga bekapu kwa neno la siri, fikiria vizuri. Ni ulinzi mzuri, lakini ukilisahau neno hilo na huna simu ya zamani, hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia.

Mwalimu wa Kasulu

Mama, tenganisha vitu vitatu akilini, utatulia. Hela zako za M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa hazimo kwenye simu, zipo kwenye akaunti ya namba yako huko kwa mtandao wa simu. Simu ikiungua leo, hela ipo. Laini ikipotea unairudisha kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole. Meseji za miamala ndizo zilizo kwenye simu, nazo zinaweza kufutika, ingawa taarifa ya miamala unaweza kuiomba kwa mtandao wako.

Namba za wateja ndizo za kuangalia sana. Nyingine huwa kwenye laini, nyingine kwenye simu, nyingine kwenye Google, na mtu hajui ipi iko wapi. Fungua programu ya namba, tafuta sehemu ya kutoa nje, itakutengenezea faili moja la vcf lenye namba zote. Jitumie kwenye barua pepe.

Na ukienda kwa fundi yeyote, toa laini kwanza, na usimwachie simu ikiwa wazi ukaenda kunywa chai.

Mama Dagaa Kibirizi

Mungu awabariki wote. Mausi imekubali! Nimeazima kwa kijana wa steshenari, paterni nimeichora ikateleza mara ya kwanza, ya pili ikafunguka. Fundi wa Isevya, umesema kweli: sehemu ya bekapu ya WhatsApp, upande wa Google hakuna tarehe yoyote, haikuwahi kufanyika. Ningeflash ningeangamia.

Namba nimeshazitoa. Lakini nikianzisha bekapu inasema nafasi ya Google imejaa. Na kioo kimeanza kuweka michirizi ya kijani pembeni.

Fundi wa Isevya

Hongera mama. Michirizi inaweza kuongezeka, kwa hiyo usisubiri nafasi ya Google ipatikane. Chomoa mausi, chomeka kigawanyio cha USB kwenye OTG ili mausi na flashi (kile kidude cha kuhifadhia mafaili) zikae pamoja. Fungua programu ya mafaili, ingia kwenye kumbukumbu ya simu, fuata Android, media, com.whatsapp, humo utakuta folda inaitwa WhatsApp. Nakili folda lote uliweke kwenye flashi. Ndani yake kuna Databases, ambamo WhatsApp huhifadhi chati kila usiku saa nane hata kama Google haijawashwa, na kuna Media yenye voisi na picha zako zote. Hata chati zikigoma kurudi, voisi hizo zinaweza kuchezwa kwenye kompyuta kama mafaili ya kawaida.

Ukinunua simu mpya, rudisha folda hilo mahali palepale kabla hujaingiza namba yako kwenye WhatsApp. Weka laini, ingiza namba ileile, ikikuuliza kurejesha, kubali. Usiruke hatua hiyo, huwa inakuja mwanzoni tu.

Kwa wale wadaiwa wakubwa, ingia chati ya kila mmoja, chagua kutoa chati pamoja na mafaili yake, jitumie barua pepe ukishapata nafasi. Haitarudi ndani ya WhatsApp, lakini utabaki na maandishi na voisi pamoja na tarehe zake.

Binti Ujiji

Nafasi ya Google utaipata ukifuta video ndefu kwenye Google Photos na kusafisha na pipa lake la taka, maana zinakaa humo hadi siku 60 na bado zinahesabiwa. Angalia tu usifute na picha za daftari.

Mama Dagaa Kibirizi

Folda linanakiliwa sasa hivi, liko nusu. Simu ya zamani nikishahama naweza kuiuza kwa vipuri?

Fundi wa Isevya

Subiri kwanza. Kwenye simu mpya fungua chati za 2024, cheza voisi kadhaa usikie kama zinatoka. Ukiridhika, ondoa akaunti ya Google kwenye mipangilio ya simu ya zamani, ndipo uifute. Ukiiuza bila kuiondoa, fundi akaifuta kwa vitufe vya pembeni, itamdai jimeli yako na atakurudia.