Kundi la ukoo: Hungaria wamelala tena

Salma: Shikamooni wakubwa. Imekwisha. Ugiriki ndio mabingwa wa dunia wa polo ya maji kwa wanawake, mchezo wangu ule wa kufunga magoli bwawani, 12-9. Nimelia mpaka macho yamevimba.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Sasa unalilia nini? Ugiriki wamekukosea?

Salma: Mimi ni shabiki wa Hungaria shangazi. 2022 walifika fainali wakiwa kwao Budapest, Marekani wakawafunga 9-7. 2024 Doha, Marekani tena, 8-7. Leo 2025 Singapore, medali nyingine ya fedha. Fainali 3 ndani ya miaka 4, zote wamelala!

Mjomba Hamisi: Pole sana. Lakini na Ugiriki wamesubiri bwana. Ubingwa wao wa kwanza ulikuwa Shanghai 2011, waliwafunga China 9-8. Tangu hapo kimya.

Bibi: Mimi nimeangalia robo mbili na Idi. Naomba kuuliza, wale mabinti wamesimama juu ya nini? Mbona maji yanawafika kifuani tu?

Salma: Hawajasimama popote bibi. Kina kinafika mita 2, hakuna pa kukanyaga. Ni miguu tu inakoroga, huu unazunguka huku, ule kule, haipumziki. Robo 4 za dakika 8, na saa inasimama kila mpira ukisimama, kwa hiyo mchezo unakuwa mrefu kuliko dakika zake. Kocha wetu anatupa dumu la maji tulinyanyue juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, viwiko vibaki nje ya maji. Sekunde ya ishirini mapaja yanawaka moto. Ya arobaini unaanza kumeza maji. Halafu ukishazoea, anakuongezea maji kwenye dumu.

Bibi: Subhanallah.

Idi: Na mpira wanashika kwa mkono mmoja tu bibi. Mikono miwili ni golikipa peke yake, yule wa kofia nyekundu.

Mama Salma: Salma, ile michubuko ya mbavuni uliyosema uligonga ukuta wa bwawa?

Salma: Mama, mimi ni senta. Nakaa mbele ya goli nimempa mgongo beki, yeye kazi yake kunitoa pale. Refa anaona mabega. Goti likiingia mbavuni huko chini haoni. Vazi nalo linavutwa, ndiyo maana yanashonwa mazito na zipu mgongoni.

Mama Salma: Ungeniambia.

Salma: Niliogopa utanitoa. Nisamehe mama.

Mama Salma: Sikutoi. Ila jeraha nilijue mimi kwanza, si kundi zima.

Shangazi: Mwacheni mtoto acheze. Hamisi, huu mchezo Olimpiki una muda gani?

Mjomba Hamisi: Wanaume tangu 1900.

Shangazi: Na wanawake?

Salma: 2000, Sydney.

Shangazi: MIAKA MIA??

Salma: Mia kamili shangazi. Na ubingwa wa dunia wanaume walianza 1973, wanawake 1986. Lakini hiyo fainali ya Sydney itafute uione. Australia na Marekani 3-3, zimebaki sekunde 1.3, Yvette Higgins anapiga faulo kutoka mbali, wavuni! 4-3. Mabingwa wa kwanza wa Olimpiki, tena kwao. Mimi huirudia kila siku ya mechi kabla sijatoka nyumbani.

Shangazi: Mia. Nimekaa chini kabisa. Mabibi wangapi walizaliwa wakazeeka na miguu yao hiyo hiyo, hawakuitwa?

Mjomba Hamisi: Hata Paris 2024 wanaume walikuwa timu 12, wanawake 10. Los Angeles 2028 ndiyo zinalingana, 12 kwa 12.

Shangazi: Ilikuwa iwe hivyo tangu mwanzo. Sikubali mtu aniambie ati hatua kwa hatua.

Idi: Salma 2028 utakuwa na miaka 19 😮

Salma: Usinitie presha Idi. Kesho kwanza. Nusu fainali yetu saa nne asubuhi.

Bibi: Nitakuja. Nataka nikae karibu na maji niione hiyo miguu.

Salma: Bibi!! ❤️ Kaa upande wa goli, utaniona vizuri.

Mama Salma: Kucha umekata? Mara ile refa alikukagua akakurudisha.

Salma: Nazikata sasa hivi mama.